Kasuku wa Bure wa Bi Somoe

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mlango!

Mlango gani?

— Mlango usiobishwa hodi!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio. Ngano hii haina vicheko vingi, nawaambia mapema, asije mtu baadaye akanidai kicheko ambacho sikumwahidi.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshakuwa kale, palikuwa na mji uitwao Chanjale. Mji una soko, una msikiti, una visima viwili, kimoja cha maji matamu na kimoja cha maji ya chumvichumvi. Nyuma ya soko, katika kichochoro chembamba, aliishi mwanamke jina lake Somoe.

Somoe alisuka mikeka. Alisuka mikeka ya kulalia, ya kuswalia, na ile mikubwa ya harusi yenye rangi tatu. Mji mzima ulikaa juu ya kazi ya mikono yake. Lakini yeye mwenyewe, nani aliyekaa naye? Mumewe alikufa. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, nyuma ya milima, na tangu aondoke mvua za masika zilinyesha mara tatu bila salamu. Shoga yake aliyekuwa akija kusuka naye alihamia kwa wanawe. Akabaki Somoe na miyaa yake ya kusukia.

Asubuhi anafagia, anasuka. Mchana anakula, anasuka. Jioni anaoga, anafunga mlango. Watu walisema, "Huu mkeka wa Somoe." Walisema, "Nitandikie ule wa Somoe." Hakuna aliyesema, "Twende tukamwone Somoe." Mnanielewa?

— Tunakuelewa!

Siku moja alikwenda kisimani. Mwanamke mmoja akamwambia, "Hujambo, bibie?" Somoe akafungua mdomo kuitikia, sauti ikatoka imekwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akashtuka. Njiani akarudi anahesabu, akakuta zimepita siku nne hajatamka neno.

Basi, mwezi ule ule akaingia mjini mfanyabiashara mmoja, Bwana Ngwali. Mtu mnene, mcheshi, kanzu nyeupe, mikono haitulii. Akafungua duka la vitanda. Nje ya duka akapanga vitanda vyenye miguu ya kuchonga, na ndani, gizani, akapanga matundu ya ndege yaliyofunikwa vitambaa. Kila asubuhi alisimama mlangoni akapiga kelele:

"Kasuku, kasuku! Nunua kitanda, kasuku bure! Kasuku msema, kasuku msalimu, kasuku wa kukuuliza umelalaje! Nyumba yenye kasuku haina upweke!"

Siku ya kwanza Somoe alipita, akasikia, akaenda zake. Siku ya pili alipita, akasikia, akapunguza mwendo. Siku ya tatu alisimama.

"Karibu, mama, karibu," akasema Ngwali. "Tazama kitanda hiki. Mbao ngumu."

"Kitanda ninacho," akasema Somoe. "Huyo ndege anasema kweli?"

"Anasema? Mama, utamwomba anyamaze!"

"Anauliza mtu amelalaje?"

"Kila siku ya Mungu. Na ukikohoa anakupa pole."

Somoe akasogea mlangoni. Hakuna aliyempa pole tangu matanga ya mumewe. "Nimsikie."

"Aa, hapa sokoni kelele nyingi, anaona haya. Mpeleke nyumbani. Na kumbuka, huyu ni bure. Unanipa mikeka mitatu mikubwa kwa kitanda, kasuku ni zawadi yangu kwako."

Mikeka mitatu mikubwa! Hiyo ni kazi ya miezi mitatu, vidole vikipasuka. Na mikeka hiyo alikuwa nayo ndani, aliiweka kwa ajili ya siku binti yake atakapokuja. Somoe akasimama pale, akawaza. Kisha akaenda nyumbani, akaichukua, akaikunjua mbele ya Ngwali mmoja mmoja. Wapagazi wakabeba kitanda. Tundu akalibeba mwenyewe, amelikumbatia kifuani.

Alipofika akalitundika karibu na dirisha, akaondoa kitambaa. Ndege wa kijivu, mkia mwekundu, jicho la njano. Somoe akajifunga kanga vizuri, kama mtu anayepokea mgeni wa heshima.

"Hujambo, kasuku?"

Kimya.

"Karibu nyumbani."

Kimya.

"Mimi naitwa Somoe."

Kimya. Ndege akageuza shingo, akamtazama kwa jicho moja, akafumba.

Usiku ule Somoe alilala juu ya kitanda kipya kirefu. Alfajiri akaamka, akatulia palepale, hakusogeza hata mguu, anangoja kuulizwa amelalaje. Akangoja. Jua likapanda dirishani. Hakuulizwa.

Akarudi dukani. "Bwana Ngwali, ndege hasemi."

"Amechoka na safari, mama. Mpe ndizi."

Akampa ndizi. Siku saba. Anamsalimu asubuhi, kimya. Anamsimulia mchana, kimya. Anamuaga usiku, kimya. Akarudi dukani mara ya pili.

"Bwana Ngwali, ndege bado hasemi."

"Ni mgeni, anaona haya. Mfundishe."

Akamfundisha. Mwezi mzima, jamani! Anasuka na kusema, "Umelalaje? Umelalaje? Umelalaje?" Mtu angepita kichochoroni angedhani mna wagonjwa wengi humo ndani. Na sauti yake ikalainika kwa kusema, lakini aliyeisikia ni yeye na kuta. Siku moja akaja mfugaji wa kuku anayejua ndege, akanunua mkeka, akamtazama kasuku, akamfungua mdomo kwa kidole.

"Huyu ni mzee sana," akasema. "Alinaswa porini akiwa mkubwa. Tena koo lake liliumia. Huyu hajasema, na hatasema."

Somoe akajitanda ukaya, akarudi dukani mara ya tatu. Safari hii palikuwa na wateja.

"Bwana Ngwali, uliniahidi ndege msema. Huyu ni bubu. Nibadilishie, au uchukue vitu vyako unirudishie mikeka yangu."

Ngwali akacheka, akawatazama wateja ili nao wacheke. "Mama, mimi nilikuuzia nini?"

"Kitanda na kasuku."

"Sikukuuzia kasuku. Nilikuuzia kitanda. Kitanda kimevunjika?"

"Hakikuvunjika."

"Mguu umelegea?"

"Haukulegea."

"Basi nenda ukalale! Kasuku nilikupa bure. Nani anadai kwa kitu cha bure? Vitanda vingapi vimetoka hapa? Wote wameridhika. Hakuna aliyekuja kulalamika. Wewe peke yako."

Wewe peke yako. Aliyasema kwa wepesi, kama mtu anayepangusa vumbi, lakini Somoe yalimwingia mpaka kwenye mifupa. Akaona wateja wanamtazama kwa huruma ile isiyo nzuri, ya kumtazama mtu anayetafuta ugomvi kwa kuwa hana kazi. Akatoka. Akajisemea njiani, labda ni mimi. Labda ndege wa wenzangu wanasema, wangu tu ndiye hakuona mtu wa kusema naye.

Siku tatu hakusuka. Mnasikia? Somoe, siku tatu, hakusuka!

Siku ya nne akaona tundu limechafuka, akalitoa kichochoroni kulisafisha penye jua. Sasa, mlango unaotazamana na wa Somoe ulikuwa wa mzee mmoja, Machano, msokota kamba. Mtu aliyefiwa na mke, mpole, maneno machache. Miaka sita walikuwa majirani, na miaka sita hawakupita "salama?" na "salama". Yeye alidhani Somoe hapendi kusumbuliwa. Somoe alidhani Machano hapendi kusumbuliwa.

Machano alikuwa kizingitini anasokota usumba wa nazi. Akaliona tundu. Mikono ikasimama.

"Bi Somoe," akasema, na akakohoa kwanza kusafisha koo. "Huyo wako anasema?"

Somoe aliona haya, akainama. "Hasemi."

Machano akainuka, akaingia ndani. Akarudi na tundu. Ndani yake kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, kimya kama jiwe.

"Miezi miwili," akasema Machano. "Nilimfunika kwa kapu ili wapitao wasimwone. Niliona aibu. Mtu mzima mimi, nimetoa kamba zangu zote nipate ndege wa kunisalimu. Nikienda kulalamika nitasema nini? Kwamba nyumbani kwangu hakuna mtu?"

Wakatazamana. Upande huu tundu, upande ule tundu, na kichochoro kati yao ni hatua nne.

"Aliniambia ni mimi peke yangu," akasema Somoe.

"Nami nilidhani ni mimi peke yangu," akasema Machano.

Somoe akalishika tundu lake. "Kesho Jumbe anakaa barazani. Mimi naenda. Utakuja?"

Machano akafikiri sana. "Maneno siyawezi, Bi Somoe."

"Maneno nitasema mimi. Wewe njoo na ndege tu."

Kesho yake watu wakajaa barazani kwa Jumbe wa mji. Jumbe alikuwa mtu wa haki, lakini mwenye haraka. Kesi asiyoielewa aliifunga upesi. Akawaona Somoe na Machano na matundu yao, akamwita Ngwali, akasikiliza madai. Kisha akasema, "Ngwali, jibu."

Ngwali akainama kwa adabu. "Jumbe wangu, niliuza kitanda. Kitanda kizima. Ndege nilitoa zawadi kwa moyo mweupe. Leo nikimpa mtu embe barabarani, akilikuta lina funza, anipeleke barazani?"

Watu wakacheka. Jumbe naye akatabasamu. "Kweli. Mtu aliyepewa hachagui. Bi Somoe, kitanda unacho. Nadhani shauri limekwisha."

Sasa hapo, enyi mnaonisikiliza, mngefanyaje? Mngelia? Mngetukana? Somoe hakulia wala hakutukana. Aliuinamisha uso kama aliyeshindwa, akasema kwa sauti ya upole:

"Basi, Jumbe, nimekubali. Zawadi ni zawadi. Lakini Bwana Ngwali, kabla hatujaachana, mimi nataka kitanda kingine. Binti yangu akija alale wapi?"

Ngwali akafurahi, uso ukang'aa. "Mama, hayo ndiyo maneno! Nitakuchagulia kizuri."

"Kiwe kama kile kile. Miguu ile ile, mbao ile ile."

"Kile kile!"

"Ila kasuku simtaki tena. Huyu mmoja bubu ananitosha. Bila kasuku utaniuzia kwa mikeka mingapi?"

Ngwali hakufikiri. Biashara ilimwasha kuliko akili. "Bila kasuku? Kwa kuwa ni wewe, na tumepatana mbele ya Jumbe, nipe mikeka miwili."

"Miwili?"

"Miwili tu, mama!"

Somoe akainua uso. "Jumbe, umesikia. Kitanda bila kasuku ni mikeka miwili. Mimi nilitoa mitatu. Ule mkeka wa tatu nilinunulia nini?"

Watu wakageuka kumtazama Ngwali. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Loo!" Kisha wa pili, kisha baraza zima.

Ngwali akaanza kutoa jasho. "Hapana, Jumbe, mimi nilikuwa namfanyia hisani..."

"Ngoja," akasema Jumbe, na sasa hakuwa na haraka. "Ngwali, hebu piga zile kelele zako za asubuhi. Zipige kama unavyozipiga."

"Hapa?"

"Hapa."

Ngwali akasema kwa sauti ndogo, "Kasuku, kasuku. Nunua kitanda, kasuku bure. Kasuku msema, kasuku msalimu, kasuku wa kukuuliza umelalaje. Nyumba yenye kasuku haina upweke."

Jumbe akahesabu kwa vidole. "Kasuku mara saba. Kitanda mara moja. Ukimpa mtu embe barabarani, hukumwita kwa embe hilo aje akupe mali yake. Hawa uliwaita kwa kasuku. Wamekuja kwa kasuku, wametoa mali kwa kasuku, na bei ya kasuku umeificha ndani ya kitanda. Neno 'bure' halifuti ahadi. Ulichokitia ndani ya biashara kimekuwa biashara, nawe utakijibia kikiwa na kasoro kama utakavyoujibia mguu wa kitanda."

Kisha akawageukia wale wawili. "Ninyi mna haki ya kuchagua, si yeye. Mkitaka, rudisheni kitanda na ndege, mpate mali yenu yote. Mkitaka, awape ndege msema badala ya bubu. Mkitaka, bakini na mlivyo navyo, awarudishie sehemu ya bei. Machano, useme."

Machano akakohoa. "Mimi narudisha vyote, Jumbe. Nikipata kamba zangu nitaziuza, niende kwa dada yangu kisiwani. Nimechoka kukaa na kimya." Halafu akamtazama Somoe, kama anayetaka kuongeza neno, hakuliongeza.

Somoe naye akamtazama. Ndiyo kwanza wamefahamiana jana. Akasema tu, "Safari njema, jirani."

"Na wewe, Bi Somoe?" akauliza Jumbe.

Watu wote wakajibu kabla yake, "Abadilishiwe! Apewe msema!"

Ngwali akatumwa nyumbani kwake, akarudi na kasuku wake mwenyewe, anayempenda, mnene, manyoya yanameta. Kilipoondolewa kitambaa tu, ndege akaanza: "Karibu! Karibu! Umelalaje? Pole! Karibu!" Watu wakashangilia. Ndege akamkaribisha Jumbe. Akamkaribisha Ngwali. Akamkaribisha mbuzi aliyekuwa akipita.

Somoe akasogea karibu. Hii ndiyo sauti aliyoilipia.

"Umelalaje?" akauliza ndege.

"Sikulala," akasema Somoe. Akasema kweli. "Sikulala usiku kucha."

"Karibu! Karibu!" akasema ndege, akageukia upande wa pili. "Pole! Umelalaje?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Somoe hakucheka. Akasimama pale muda mrefu, akimtazama yule ndege akisema na kila mtu na asimsikilize yeyote. Kisha akamtazama bubu wake tunduni. Ndege mzee, koo limeharibika. Alikuwa ameinamisha shingo, jicho lake la njano liko kwake Somoe, kama lilivyokuwa kila asubuhi alipomsalimu, kila mchana alipomsimulia.

"Jumbe," akasema, "nimechagua. Huyu wangu nabaki naye. Anirudishie mkeka mmoja."

"Bubu?" akasema Jumbe. "Na msema huyu hapa, haki yako?"

"Haki yangu ni kuchagua, umesema mwenyewe. Wake anasema, lakini hanisikii. Wangu hasemi, lakini nikisema anageuza shingo. Mimi nilidhani natafuta mtu wa kuniuliza. Kumbe natafuta wa kunisikia."

Jumbe akamgeukia Ngwali. Akaamuru mkeka urudishwe, na kwamba tangu siku ile Ngwali asimpe mtu ndege kabla hajamwondolea kitambaa na mnunuzi kumsikia kwa masikio yake. Wengine wakaanza kutokea na matundu: wawili, watano, tisa. Kumbe mji ulijaa ndege waliofunikwa kwa kapu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Somoe hakungoja kuwaona wote. Alibeba mkeka wake begani na tundu kifuani, akarudi kichochoroni. Siku ya pili Machano alifunga mzigo, akaondoka, mlango wake ukafungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Somoe alisimama kumtazama mpaka alipopinda kona. Kisha akaingia ndani.

Nyumba ilikuwa kimya. Binti hakuja mwezi ule, wala uliofuata, sitawadanganya. Lakini Somoe aliketi karibu na dirisha, akachukua miyaa, akasema, "Leo nimemuaga jirani yangu. Miaka sita, na tumesema naye siku tatu tu. Ngoja nikusimulie."

Ndege akageuza shingo.

Naye Somoe akasimulia.

Hapo ndipo ngano yangu ilipotua mzigo. Mlioipenda, ichukueni muende nayo. Mlioikuta na kasoro, msiifunike kwa kapu: nirudishieni mimi mwenyewe, nami nitaipokea.

— Tumeisikia!

Basi nendeni mkalale. Na aliye karibu na mwenzie, asubuhi amuulize amelalaje.